Dungusi lisilo na miba: mgeuko wa El Arco na namna unavyoishi jangwani

Katika somo la istilahi mwaka huu kila mwanafunzi wa darasa letu alitakiwa kuchagua jambo moja la sayansi na kulieleza kwa Kiswahili, bila kukimbilia Kifaransa kila neno linapokuwa gumu. Wengi walichagua magonjwa. Wengine, kwa kuwa tuko Lubumbashi, walichagua madini. Mimi nilichagua dungusi moja la Meksiko lililopoteza miba yake, na wenzangu wawili watatu wakaniuliza kama mada zilikuwa zimekwisha. Makala haya ni jibu langu kwao. Nataka kueleza mmea huu ni nini, umegeuka vipi, na kwa nini haujatoweka ilhali ukiutazama unaona kila sababu ya kutoweka. Njiani tutakutana na maneno, maana hiki ni kitivo cha lugha na mazoea hayaachi mtu.

Tuanze na jina la jumla. Kamusi zetu zinatupa «dungusi», au kwa ukamilifu «dungusi kakati», na kwa ile aina yenye vipande bapa kama sahani linalopandwa ua wa nyumba zinatupa «mpungate». Mjini tunasema kaktusi, kwa njia ya Kifaransa. Neno lenyewe ni la Kigiriki, kaktos, na Theophrastus alilitumia kwa mmea wenye miba wa kisiwa cha Sisilia ambao hauna undugu wowote na madungusi. Mwaka 1753 Linnaeus alilichukua neno hilo akawapa jina mimea ya Amerika ambayo Wagiriki hawakupata kuiona. Kwa hiyo jina limevuka bahari na kubadili mwenyewe. Mambo hayo sisi wanaisimu tunayajua.

Madungusi kwa asili ni ya Amerika. Zile nguzo zenye miba zinazoonekana katika tambarare ya Ruzizi, au ukielekea ziwa Edouard, si madungusi bali ni jamii ya Euphorbia, na ukikwaruza ngozi yake utaona utomvu mweupe ambao wazee wanaonya usiingie machoni. Dungusi moja tu limefika Afrika bila kuletwa na mtu, nalo ni Rhipsalis baccifera. Hilo tunalo hata katika misitu ya Kongo: linaning'inia juu ya matawi ya miti kama nyuzi za kijani, halifanani kabisa na picha ya dungusi iliyo kichwani mwa mtu, na vitunda vyake vyeupe huliwa na ndege wanaoeneza mbegu. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani kwamba dungusi bila miba ni kitu kisichowezekana. Katika msitu wenye mvua linawezekana vizuri. Jangwani ndipo swali linapoanza.

Sasa, kama umbo linadanganya, dungusi linatambulikaje? Kwa areoli. Areoli ni kidoa kidogo, kama kifungo cha sufu, kilichopangwa kwa mistari juu ya shina. Miba inatoka hapo. Matawi mapya yanatoka hapo. Maua pia yanatoka hapo. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu habari nzima ya mmea wetu imo ndani yake: mwiba na ua ni watoto wa tumbo moja.

Dungusi la kawaida ambalo mmea wetu umezaliwa kwake linaitwa senita. Wanabotania wanaliita Lophocereus schottii, na wengine Pachycereus schottii, maana hawajaacha kugombana juu ya jenasi. Lilielezwa kisayansi mwaka 1856 na George Engelmann, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi St. Louis, na jina la schottii ni heshima kwa Arthur Schott, mmoja wa waliokuwa wakipima mpaka mpya kati ya Marekani na Meksiko. Senita linaota katika jangwa la Sonora: kidogo sana kusini mwa Arizona, kwa wingi katika jimbo la Sonora na katika rasi ya Baja California. Ni kichaka cha nguzo nyingi zinazotoka chini pamoja, zenye mbavu chache zilizosimama wima, mara nyingi zinapita kimo cha mtu mara mbili. Sehemu za juu, zile zinazozaa maua, zinavaa miba mirefu ya kijivu iliyo laini kama ndevu za mzee.

Katikati ya rasi ya Baja California, karibu na mahali panapoitwa El Arco, senita fulani limeacha sheria hizo zote. Mbavu hazimo. Miba karibu hakuna. Badala yake shina lina matuta na mabonde yasiyo na mpango, ngozi ya kijani iliyo laini, kama mshumaa ulioyeyuka ukaganda tena, au kama mti uliochongwa na fundi aliyebadili nia kila baada ya pigo. Areoli zimetawanyika, nyingi zimefifia. Kwa lugha ya mimea inaitwa forma monstrosus. Wafanyabiashara wa maua wa Marekani wanaiita nguzo ya totemu, wakiilinganisha na zile nguzo za miti zilizochongwa sura ambazo Wahaida na Watlingit wa pwani ya kaskazini ya Pasifiki wanazisimamisha. Na hapa kuna jambo la kuchekesha: neno totemu lenyewe ni la Waojibwe wa upande wa maziwa makubwa ya Amerika, watu ambao hawakuwa na desturi ya kuchonga nguzo za namna hiyo. Neno la watu wa maziwa limebandikwa kwenye mti wa watu wa pwani, kisha likabandikwa kwenye mmea wa jangwani. Mimi nimeamua kuuita nguzo-sanamu, na sidai kwamba nimewashinda.

Kilichotokea ndani ya mmea ni nini? Kila shina linakua kutoka nchani, mahali penye kundi dogo la seli changa liitwalo meristemu. Seli hizo zinagawanyika, na wakati huohuo zinapanga: hapa ubavu, hapa areoli, hapa nafasi, hapa areoli nyingine. Mpango huo unaongozwa na jeni. Jeni inayohusika na mpango ikigeuka, ukuaji hausimami. Unaendelea bila ramani. Ndiyo sababu nguzo-sanamu si mmea mgonjwa. Unakua, una kijani chake, una mizizi yake. Uliopotea ni mpangilio. Ni kama sentensi yenye maneno yote halisi ya lugha ila sintaksia imeondoka.

Mgeuko wa namna hii kwa kawaida hauishi muda mrefu mwituni. Hebu tuhesabu kilichopotea, kwanza upande wa maji.

Dungusi la kawaida linanusurika kwa sababu linakusanya haraka na kutumia polepole. Mizizi yake mingi haiendi chini. Inatambaa karibu na uso wa ardhi, na mvua ikinyesha inaota vijizizi vipya kwa muda mfupi, kunywa kabla jua halijaiba. Maji yanahifadhiwa ndani ya shina, yakiwa yameshikwa na ute mzito unaofanana na wa bamia. Mbavu zinafanya kazi ya kinanda cha mkono: mvua ikija zinatanuka, ukame ukija zinajikunja, na ngozi haipasuki. Nguzo-sanamu haina kinanda hicho. Ina matuta tu, yanayovimba kwa kadiri yanavyoweza. Lakini hapo hesabu ina upande wa pili. Shina lenye mbavu ndefu lina ngozi nyingi iliyo wazi kwa hewa. Shina nene lenye mabonde mafupi lina ngozi chache zaidi kwa kiasi kilekile cha maji kilicho ndani. Mahali pa kupokea mwanga pamepungua, na mahali pa kupoteza maji pamepungua pia. Kwa mmea usio na haraka, hasara hiyo inavumilika. Nao hauna haraka kabisa.

Isitoshe, silaha kubwa ya maji haikuguswa na mgeuko, kwa kuwa haimo katika umbo. Imo katika saa. Mimea mingi hufungua mchana vitundu vyake vya kupumulia, stomata, ili hewa ya ukaa iingie wakati jua linawaka na usanidimwanga unaendelea. Mchana jangwani, mlango ukifunguliwa ili hewa iingie, maji yanatoka mbio. Dungusi linafunga mlango mchana. Linaufungua usiku, kukiwa na ubaridi, linaingiza hewa ya ukaa na kuiweka akiba kwa umbo la asidi, hasa asidi ya maliki, ndani ya seli. Kukicha mlango unafungwa. Mwanga unakuja, asidi inavunjwa, hewa ya ukaa inatoka ndani kwa ndani, na sukari inatengenezwa huku milango yote imefungwa. Duka linapokea mali usiku na kuuza mchana.

Jambo hili halihitaji kwenda Meksiko. Nanasi linafanya hivyohivyo. Aliyeliona zamani kwa ulimi wake ni Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India: taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1815 inasema kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii ya Crassulaceae, ule wenye majani manene unaochipua vitoto pembezoni mwa jani, yalikuwa makali asubuhi, hayana ladha saa sita, na machungu kidogo jioni. Mmea huo uko katika nyua nyingi za kwetu. Watu huuita dawa, kila familia na ugonjwa wake. Kutokana na jamii hiyo njia yenyewe ikapewa jina, njia ya asidi ya Crassulaceae. Nilijaribu kutafuta neno fupi la Kiswahili nikafika kwenye «usanidi wa akiba ya usiku». Ni refu, lakini angalau linaeleza.

Basi kuhusu maji nguzo-sanamu imepoteza vazi, haikupoteza tabia. Na miba je?

Watu wengi hudhani mwiba ni mkuki tu. Ni mwavuli pia. Miba ikikusanyika nchani, pale kwenye meristemu, inatia kivuli wakati wa joto na inapunguza baridi ya usiku. Dungusi lililo uchi nchani linaweza kufa kwa usiku mmoja wa barafu. Hapo mahali pa kuishi panaokoa: El Arco iko kusini sana kuliko mpaka wa Arizona, na baridi ya kuua ni nadra huko. Mgeuko huohuo ungetokea kwenye ukingo wa kaskazini wa jangwa, pengine tusingekuwa na la kusimulia.

Kuhusu mkuki, jibu ni la kupendeza zaidi. Jangwani shina lililojaa maji bila miba ni kama mtungi ulioachwa njiani. Panya, sungura, mbuzi wa watu, wote wana kiu. Lakini senita lina sumu. Nyama yake ina alkaloidi chungu, lofoserini na piloserini, ambazo zinawashinda walaji wengi. Zinawashinda hata nzi. Katika jangwa la Sonora kila aina ya nzi wadogo wa Drosophila ina dungusi lake ambalo likioza inataga mayai humo, na senita lina wa kwake mmoja, Drosophila pachea. William Heed na Henry Kircher walieleza mwaka 1965 kwamba nzi huyo anahitaji steroli fulani inayopatikana katika senita ili akue, na wakati huohuo anavumilia sumu inayowaua jamaa zake. Hawezi kuishi pengine, na wenzake hawawezi kuishi kwake. Nguzo-sanamu imevua silaha ya nje, ile ya ndani ikabaki. Msomaji aliyewahi kuchunga mbuzi karibu na Euphorbia za kwetu hatashangaa: mbuzi anaujua mti asioutaka, awe ameuona mwiba au la.

Tumefika penye uzito. Nilisema mwiba na ua vinatoka areoli moja. Areoli zikivurugika, maua nayo yanavurugika, na kweli nguzo-sanamu hutoa maua mara chache sana. Ili tuone ukubwa wa hasara hiyo, tutazame kwanza senita la kawaida linavyozaa. Maua yake madogo ya waridi yanafunguka usiku, usiku mmoja tu. Nondo jike mdogo, Upiga virescens, anakuja akiwa amebeba chavua tumboni. Hakujipaka kwa bahati; ameikusanya kwa kazi, na anaipaka juu ya unyanyapaa wa ua kama mtu anayejua anachofanya. Kisha anataga yai moja juu ya ua hilo. Kiluwiluwi akitoka anajipenyeza ndani ya tunda changa na kulila. Kwa hiyo nondo analipwa kwa matunda. Lakini si kila yai linafanikiwa, na matunda yanayobaki yanatosha kwa mmea. Nathaniel Holland na Theodore Fleming ndio waliolichunguza agano hili mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo linatajwa pamoja na lile la mikuyu na nyigu wake. Mkuyu tunaujua: pasua tunda lake uone waliomo.

Nguzo-sanamu imejitoa katika agano hilo. Bila maua ya kutosha hakuna nondo, bila nondo hakuna tunda, bila tunda hakuna mbegu. Kwa kipimo cha darwini cha shule za sekondari, habari ingeishia hapa: mmea mmoja wa ajabu, uliozaliwa, ukazeeka, ukafa bila mtoto.

Uliokoka kwa kuanguka. Mashina ya senita ni mazito na hayana mbao nyingi chini. Upepo, mafuriko ya ghafla ya korongo, au uzito wake mwenyewe, vinavunja tawi. Tawi linalala juu ya changarawe. Halioti mara moja, na kutoota mara moja ndiko kunakoliokoa, kwa maana kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye maji kinaoza. Kwanza kidonda kinakauka na kufanya kovu gumu. Tawi linaweza kukaa hivyo kwa wiki nyingi, hata miezi, likiishi kwa maji yake na kwa ile akiba ya usiku. Mvua ikija linatoa mizizi upande ulioigusa ardhi, na ncha inageuka kuelekea juu. Senita la kawaida nalo linafanya hivyo mara kwa mara; tabia ilikuwepo kabla ya mgeuko. Kwa senita la kawaida ni njia ya pili, kwa nguzo-sanamu imekuwa karibu njia pekee.

Kwa hiyo kundi la nguzo-sanamu, mtu anapolitazama na kusema «mimea mingi», kwa kijeni linaweza kuwa mmea mmoja unaotembea polepole kwa kuanguka. Kila mmoja ni kloni ya mwenzake. Ndiyo sababu pia eneo lake ni dogo: mbegu inabebwa na ndege, tawi linafika linapoangukia.

Msomaji wa Kongo asione jambo hili la kigeni. Migomba yetu inaishi hivyo. Makemba tunayokaanga hayana mbegu. Babu yake porini alikuwa na mbegu ngumu kama changarawe, ukatokea mgeuko na mchanganyiko uliofanya tunda lijae nyama bila mbegu, na binadamu akaupenda. Tangu hapo mgomba unaendelea kwa machipukizi. Sahani ya makemba kwa hakika ni mgeuko mezani. Tofauti ni kwamba mgomba una mkulima, nguzo-sanamu ilikuwa na upepo.

Na hatari yao ni moja. Mbegu ni mchanganyo mpya kila mara. Kloni ni nakala. Ugonjwa ukiiweza nakala moja, umeziweza zote. Mwaka 2001 mnyauko bakteria wa migomba ulitambuliwa katika Kivu Kaskazini, upande wa Masisi, na wenye mashamba ya huko hawahitaji mwanafunzi wa lugha kuwaeleza kilichofuata. Mashamba yaliyokuwa ya nakala yalianguka kwa zamu. Nguzo-sanamu haina akiba ya tofauti ya kujitetea nayo. Hali ya hewa ikibadilika kuliko inavyoweza kuvumilia, haina mtoto aliye tofauti kidogo wa kumtuma mbele. Hapa sikubaliani na wale wanaouita mmea huu ushindi wa maumbile. Umefaulu, lakini umefaulu kwa mkopo.

Ili tusidhani kila dungusi la ajabu ni sawa na hili, nitaje mengine mawili kwa ufupi. Saguaro, lile jitu la Arizona linalochorwa katika kila filamu ya farasi na bastola, mara chache sana, kimoja katika maelfu mengi, linaota kilele kilichotanuka kama feni au kama kilemba cha jogoo. Hapo meristemu, badala ya kuwa nukta, imekuwa mstari. Wanabotania hawakubaliani juu ya chanzo: wengine wanasema jeni, wengine baridi kali, radi au jeraha. Saguaro hilo bado lina miba, linachanua na kuzaa, linaishi miaka mingi. La pili ni lile dungusi jekundu au la manjano kama chungwa linalouzwa katika vyungu vidogo duniani kote, Gymnocalycium mihanovichii la asili ya Paraguay. Rangi hiyo maana yake klorofili haipo. Halijawahi kujilisha hata siku moja: wakulima wa Japani walilipandikiza juu ya shina la dungusi jingine la kijani, na bado linaishi hivyo, kichwa chekundu juu ya mwili wa mwingine. Jangwani lingekufa likiwa mche. Mageuko matatu: moja linapamba bila kuzuia chochote, moja linaua lisipopata mlezi, na lile la El Arco liko katikati, limekata barabara kuu likaacha kichochoro.

Sasa neno lenyewe, monstrosus, ambalo lilinisumbua kuliko asidi zote. Kilatini monstrum kilitokana na monere, kuonya: kitu kisicho cha kawaida kilichoaminiwa kuwa onyo la miungu. Kifaransa kimelirithi na kulifanya la kutisha. Nikitafsiri kwa «zimwi» nimeuingiza mmea katika hadithi za watoto. Nikisema «kilema» nimeingia mahali pengine pagumu zaidi. Lugha yetu imezoea kuwaweka watu wenye mwili usio wa kawaida katika ngeli ya ki-/vi-: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, kibogoyo. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, ili mtu aanze kuwa mtu kabla hajawa hali yake. Je, mmea unastahili adabu hiyo? Mmea haujali. Lakini msomaji anaposoma «kilema» ameshaambiwa kwamba kuna umbo sahihi na kwamba hili limelikosa, wakati ambapo ukweli wa El Arco ni kwamba umbo hili limepata mahali linapoweza kuishi na limeishi. Mhadhiri wangu alipendekeza «kioja». Ni zuri, halina hukumu nyingi, ila linachekesha. Mimi nimebaki na «mgeuko», neno la kawaida lisilo na sifa wala lawama, na dungusi nimeliita «dungusi lenye mgeuko». Anayeona ni baridi mno alete lake tulijadili.

Ajabu, kile kilichokuwa udhaifu porini kimekuwa bahati bustanini. Kipande kimoja kikikatwa, kikaachwa kivulini mpaka kovu likauke, kinaota karibu bila kushindwa, na hakimchomi mpandaji. Leo nguzo-sanamu zimesimama mbele ya nyumba nyingi za Phoenix na Tucson na katika vyungu vya Ulaya. Wapenzi wa madungusi hulipa vizuri kwa maumbo ya ajabu, na si wote wanaouliza limetoka wapi: saguaro huchimbwa usiku na kuuzwa, kiasi kwamba hifadhi ya taifa ya Saguaro huko Arizona imeamua kutia vidude vya elektroni ndani ya baadhi ya mashina ili mwizi aweze kutambuliwa. Karibu jamii nzima ya madungusi iko katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, mkataba uleule unaomlinda kasuku wetu wa kijivu, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 31 ya aina za madungusi ziko hatarini. Kwa nguzo-sanamu wizi si tishio kubwa kama kwa nyingine, kwa sababu vipandikizi vimejaa madukani.

Lakini mahali pake pa asili ni padogo, na El Arco palikuwa kijiji cha wachimba dhahabu, na chini ya ardhi ya sehemu hizo kuna shaba nyingi ambayo watu wamepanga kuichimba. Nilipolisoma hilo nilifikiria vilima vya shaba vya kwetu Katanga, vile visivyoota miti, vyenye mimea isiyopatikana popote pengine duniani, na ule mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, ambao wanajiolojia waliufuata kama alama ya kuwaonyesha shaba ilipo. Mimea yetu hiyo inaota kwa mbegu na inadai udongo wenye shaba. Haikubali chungu cha Tucson. Nguzo-sanamu inakubali. Ikiondoka El Arco itaendelea kuwepo mbele ya mabenki na hoteli za Arizona, kipande kilekile, bila jirani yake senita aliyeizaa.